Kabari inaruka, ikiingia inanasa: ninunue nyundo kubwa zaidi?

Swali hili la kupasua kuni kwa kabari limetoka kwa dada mmoja wa Igombe, Ilemela, anabanika sangara kwa biashara. Kaandika hivi:

"Shikamoo mzee. Mwezi wa kumi na mbili jirani aliangusha mikaratusi mitatu mikubwa akatuuzia magogo, wadogo zangu wakayakata vipande vya futi mbili mbili yakakaa pale nje mpaka leo mwezi wa saba. Shoka limeshindwa, mipini miwili imevunjika. Nikanunua kabari moja ya chuma na nyundo ya kilo nne. Sasa kabari ukiipiga inaruka kama chura, na ikikubali kuingia inanasa humohumo, ninavyoandika iko ndani ya gogo siku ya tatu. Wadogo zangu wanasema nyundo ndo ndogo, tununue ya kilo nane. Ninunue?"

Marahaba mwanangu. Usinunue. Hiyo hela nunua kabari ya pili, na chenji itakayobaki wanunulie hao wadogo zako miwani ya kukinga macho, ntaeleza kwa nini huko mbele. Nyundo ya kilo nne inatosha kabisa, mimi nimepasua kuni za matanuru ya matofali Kisesa miaka na miaka na sijawahi kuvuka kilo nne na nusu. Pigo linategemea spidi kuliko uzito: ukiongeza uzito mara mbili nguvu ya pigo inaongezeka mara mbili, ila ukiongeza spidi mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Sasa kijana ukimpa kilo nane mapigo matano ya kwanza atapiga vizuri, la sita ataiinua nusu, la saba ataiachia tu ijiangukie yenyewe, na aliyechoka ndo huyo anayekosa kabari akapiga mpini au muundi wa mguu wake.

Tuanze na hiyo iliyonasa kwanza maana najua ndo inakuuma. Usimruhusu mtu aipige kwa kisogo cha shoka wala aitumbukize shoka pembeni yake kujaribu kuichokonoa, hapo utakuwa na vyuma viwili vilivyonasa badala ya kimoja, na kisogo cha shoka hakikutengenezwa kugonga chuma, tundu la mpini linatanuka, linapasuka, shoka limekufa. Angalia mstari wa ufa ambao hiyo kabari tayari imeuanzisha, hata kama ni mwembamba kama unywele, halafu sogea kwenye mstari huohuo kama kiganja kimoja kutoka kabari ilipo, hapo ndo unaweka kabari ya pili. Piga hiyo ya pili taratibu mpaka ufa upanuke, ile ya kwanza utaona inalegea yenyewe unaitoa kwa mkono. Kama hujapata ya pili leo, chonga ya mti. Ndiyo, ya mti, chukua tawi la mvinje au mgunga mkavu, mnene kama mkono wako, urefu kama futi moja, chonga pande mbili ncha iwe bapa, kichwani kata kingo kidogo isichanike ikipigwa. Wazee walipasua magogo makubwa kwa hizo tu kabla chuma hakijawa rahisi, na mpaka leo mi natembea nazo mbili tatu kwenye gunia, chuma kinaanzisha ufa na mti unaumalizia, na ukipiga shoka kwa bahati mbaya juu ya kabari ya mti hakuna kinachoharibika. Ikishindikana yote hayo geuza gogo kichwa chini, tafuta ule ufa umetokea wapi upande wa pili, anza upya kutokea huko.

Sasa turudi kwenye mti wenyewe, maana tatizo lenu kubwa liko hapa na si kwenye vyuma. Wewe uko ziwani, matete unayajua. Mti ndani yake ni kama mzigo wa matete yaliyogandishwa kwa gundi, ukitaka kuyakata kwa upande utatoka jasho, ila ukitaka kuyatenganisha kwa urefu inayokuzuia ni gundi tu. Ndo maana kabari haikati. Kabari inasukuma. Ya unene wa inchi 2 na urefu wa inchi 8, kila inchi 4 ikizama inatenganisha inchi 1, kwa hiyo ule msukumo wa kwenda pembeni unaongezeka mara nne ukitoa kinacholiwa na msuguano, na msuguano kwenye mti unakula sana. Hiyo ndo kazi yote ya kabari, kuiambia ile gundi iachie mahali pamoja, ikishaachia ufa unakimbia wenyewe.

Mkaratusi una tabia mbili ambazo mtu wa kuni lazima azijue. Ya kwanza, ukiwa bichi una mvutano ndani yake, ndo maana ukiuangusha unakuta siku hiyohiyo ncha za magogo zimeshapasuka zenyewe na kila mtu anashangaa. Ule mvutano ni wa bure, ni mti unakusaidia, gogo bichi la mkaratusi mnyoofu linaweza kufunguka kwa mapigo manne. Ya pili, mikaratusi mingi, hasa ile yenye mbao nyekundu, nyuzi zake zinapishana, tabaka moja limeegemea kulia linalofuata limeegemea kushoto, na ikikauka zile nyuzi zinashikana kama vidole vilivyofumbatana. Nyie mmeuacha miezi saba na gome lake juu. Nje umekuwa mgumu kama mfupa, ndani bado una maji, kwa sababu maji kwenye gogo hutokea zaidi kwenye ncha na kwenye sehemu iliyopasuliwa, gome linayafungia. Gogo la futi mbili lenye unene wa sentimita 40 likiwa bichi lina uzito kama wa kilo 75 na karibu nusu yake ni maji, sasa hayo maji yatapita wapi. Kwa hiyo next time, yani mzigo mwingine ukija, pasua wiki ileile au wiki ya pili, usiseme yakauke kwanza yatakuwa mepesi. Kwa miti mingine labda, ila kwa mkaratusi ukisubiri umeuongezea kiburi.

Haya, ila yaliyopo ndo yapo, hatuyatupi. Kitu cha kwanza naomba uwaambie vijana wayakate tena katikati, futi moja moja. Futi mbili kwa mkaratusi mkavu ni ndefu mno, kabari inabidi ifungue gundi mara mbili ya ile ya futi moja, na jiko lako la kubanikia halihitaji ukuni wa futi mbili. Najua kukata kwa msumeno wa mkono ni mateso, mtafute kijana mwenye msumeno wa mashine mpatane kwa siku moja amalize yote, itakurudia hiyo hela kwenye mipini ambayo hamtavunja.

Halafu kabla hamjapiga chochote, kaeni mliangalie gogo. Najua vijana hawapendi hii, wanataka kupiga, lakini mi dakika moja ya kuangalia inaniokolea nusu saa. Linyanyue lisimame, angalia uso wake wa juu. Utaona moyo wa mti katikati, na utaona nyufa zinatoka moyoni zikienda nje kama miale ya jua, nyingine ndefu nyingine fupi. Ule ufa mrefu kuliko wote ndo mlango. Gogo limeshakuonyesha lenyewe linataka kupasukia wapi na wewe ukiweka kabari kwingine unabishana nalo. Afu angalia pembeni kwenye gome, vifundo viko wapi, tawi lilitokea wapi, nyuzi zinapanda moja kwa moja au zinazunguka kama kamba. Mlango wako ukiwa unaelekea kwenye kifundo kikubwa, chagua ufa wa pili kwa urefu.

Sasa pa kuweka kabari. Watu wengi wanaweka katikati kabisa, kwenye moyo, kwa sababu inaonekana ndo haki. Hapana. Katikati umezungukwa na mti pande zote, unasukuma dunia nzima. Weka kwenye ule ufa lakini karibu na ukingo, vidole vinne kutoka kwenye gome, kabari ikiwa imelala sawasawa na ufa. Hapo upande wa nje kuna mti kidogo, utaachia haraka, gome litachanika, na ufa ukishatoka nje ya gome unarudi kukimbilia moyoni. Kama gogo ni pana sana na halina ufa wowote wa maana basi usilipasue nusu kwa nusu, limenye. Unazunguka pembezoni unatoa vibao kama unavyomenya muwa, kabari ikiwa imelala kukatiza ile miale, kibao hiki, kibao kile, mpaka ubaki na moyo mwembamba ambao utaupasua kama biskuti.

Kuhusu kuruka kama chura, hapo kuna sababu tatu na nahisi nyie mnazo zote. Ya kwanza makali. Kabari za dukani nyingi zinakuja na ncha butu na rangi juu, rangi inateleza. Chukua tupa, ondoa rangi yote sehemu ya inchi mbili za mwanzo, na hiyo inchi ya kwanza kabisa ifanye nyembamba zaidi, si kali ya kunyolea, kali kiasi cha kuweza kung'ata, ukiigusa kwa kidole uhisi ukingo. Ya pili mnaipiga kwa nguvu zote kuanzia pigo la kwanza. Kabari inapandwa kwanza kama unapanda msumari, mkono mmoja umeishika, nyundo ndogo ile ya fundi seremala, tii tii tii mpaka isimame yenyewe bila kushikwa, ndo unatoa mkono unarudi nyuma unachukua kubwa. Na kamwe mtu mwingine asiishike kabari wewe ukipiga na ile kubwa, kamwe, hata akisema anakuamini. Ya tatu ni uso wa gogo mgumu na laini umeteleza, hapo chonga mtaro kidogo kwa shoka pale unapotaka kuanza, au pitisha msumeno nusu inchi tu, afu nyunyiza majivu au mchanga mkavu kidogo ndani ya mtaro. Majivu wewe huyakosi kwenye majiko yako. Yanaipa kabari kitu cha kushika.

Ikishasimama, piga kwa kutegea sikio. Hapa Mwanza tumezungukwa na mawe, nenda kwa wale wanaopasua mawe ukae nao nusu saa uone, wanapanga kabari kwenye mstari wanapiga moja moja kwa zamu, na yule mzoefu wao hupiga afu anatulia, anasikiliza. Mti nao ni hivyohivyo. Mlio wa kabari inayozama ni tofauti na wa kabari iliyogoma, iliyogoma nyundo inakurudishia mkononi, unahisi mpaka begani. Ukihisi hivyo mara mbili acha, hamisha, weka ya pili mbele yake kwenye mstari. Na ukisikia lile gogo linalia krrr usipige pigo lingine papo hapo, subiri kidogo, nyuzi bado zinaachiana zenyewe ndani, mara nyingi ukisubiri sekunde kumi pigo linalofuata linakuwa la mwisho. Hii ya kusubiri ilinichukua muda mrefu kuielewa na nadhani ndo kitu kimoja ambacho ningependa hao vijana wakichukue kwenye maelezo yangu yote.

Kusimama: miguu ipanuke, gogo liwe mbele yako katikati, magoti yanakunja nyundo inaposhuka, macho kwenye kichwa cha kabari sio kwenye nyundo. Mkono wa juu unateleza kwenye mpini kuja chini wakati nyundo inashuka. Mipini iliyovunjika nakuhakikishia ilivunjika kwa kupitiliza, mtu anapiga mbali sana, chuma kinapita kabari na mpini ndo unagonga. Zungushia mpini tyubu ya baiskeli chini tu ya kichwa cha nyundo, kama kiganja kimoja, funga kwa nguvu. Na mpini mpya uwe wa mpera kama utaupata, unanesa kidogo haukatiki ovyo.

Vifundo na panda. Kifundo kimoja kidogo unapita nacho, elekeza ufa upite katikati yake, usipite pembeni, kwa sababu pembeni nyuzi zimelizunguka tawi kama maji yanavyozunguka jiwe na kabari itatangatanga. Panda ya mti, pale shina lilipogawanyika mara mbili, isimamishe na panda ikiangalia chini, anza kwenye upande wa shina moja, na mstari wa kabari upite kwenye mioyo yote miwili, maana ukikatiza huo mstari utapiga mpaka jioni. Na yapo magogo mwanangu ya kuyaacha. Lenye vifundo vitatu na nyuzi zinazunguka, mi sihangaiki nalo, nauza kwa wachoma matofali linaingia zima tanuruni, au linakuwa kigogo cha kupasulia mengine juu yake.

Hapo kwenye kigogo ngoja niseme, maana Igombe naijua, kila ua lina mwamba. Usipasulie juu ya jiwe. Gogo likifunguka ghafla kabari inapitiliza, makali yanakula jiwe, yanakatika kipande, na cheche juu. Weka gogo juu ya kigogo kifupi kipana au juu ya udongo mtupu. Na tafuta tairi bovu la gari, lilaze juu ya kigogo, simamisha gogo ndani yake, vipande havitarukia kwenye miguu ya mtu wala kwenye vichanja vya samaki, na vijana hawatainama kuokota kila baada ya pigo.

Sasa ile miwani. Kabari inavyopigwa kichwa chake kinabonyea na kutanuka kingo zinajikunja nje kama uyoga. Watu wanaona ni kawaida, wanaendelea. Siku moja nikiwa kijana ile kingo ilikatika, kipande kidogo kama punje ya mtama, kikapita kwenye suruali ya jinzi kikaingia kwenye paja la mwenzangu aliyekuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu. Yeye alikuwa ananisubiri tu apokee zamu. Kilitolewa kwa kupasuliwa na mpaka leo akinyoosha mguu namkumbuka vile alivyokaa chini kimya. Kingekuwa jicho je? Kwa hiyo kichwa kikianza kujikunja, simama, peleka kwa fundi mwenye grainda aondoe zile kingo zote, apunguze na pembe, dakika tano. Kama kabari ya pili unaitengenezesha kwa wahunzi, wengi wanafua kwa springi za gari, chuma kizuri sana, ila mwambie asiizimishe yote kwenye maji ikiwa nyekundu, azimishe upande wa makali tu, kichwa kibaki laini. Ukienda kuichukua jaribu tupa kwenye kichwa, tupa ikiteleza bila kung'ata jua kichwa ni kigumu mno na kitarusha vipande, mrudishie. Na ikitokea bahati mbaya chuma kimeingia jichoni kwa mtu, asisugue, asikichomoe, lifunikwe bila kulibana, hospitali moja kwa moja. Viatu vya kufunga sio kandambili. Watoto na kuku mbali.

Mkishapasua, kazi ya kukausha iko upande wenu mwezi huu, kiangazi, mna mpaka mwezi wa kumi vuli inapoanza. Panga kuni juu ya mawe zisiguse ardhi, mchwa wa huku hawana huruma, zisiwe rundo, ziwe ukuta mwembamba wa mstari mmoja, ubavu uelekee ziwani upate ule upepo wa mchana. Funika juu tu kwa bati au turubai, pembeni acha wazi, nimeona watu wanafunika yote kama mzigo wa lori na kuni zinaota ukungu ndani. Kabla ya kuingiza mkono kwenye ukuta wa kuni gonga kwanza kwa fimbo, nge na nyoka wanapapenda. Na kwa biashara yako hili ni kubwa kuliko unavyofikiri. Sangara ana mafuta mengi, si rahisi kumkausha kwa jua tu kama dagaa, anataka moto, na kuni mbichi kila kilo ya maji iliyomo inakula joto kwanza kugeuka mvuke, unachoma kuni nyingi, samaki anapata masizi, anakuwa mweusi na mchungu mnunuzi anapunguza bei. Kuni ikikauka ukigonga mbili pamoja zinalia kwa mlio mkali kama vijiti vya ngoma, mbichi zinalia du. Ncha zake utaona vipasuko vidogo na gome linabanduka kwa mkono.

Anza na magogo membamba yenye nyufa ndefu kwa zile kabari za mti, hata kama ni matano tu, vijana wapate mkono. Yale manene ya chini ya shina myaache ya mwisho, na hilo lenye kabari ndani lisukume pembeni mpaka ya pili ipatikane.